Jicho la Barabarani na Amri ya Nane

Kuna msemo ambao umeanza kusikika hata mimbarini: asiye na la kuficha haogopi kuonwa. Unasemwa katika semina za vijana, unasemwa wazee wa kanisa wanapojadili kamera za usalama, na sasa unasemwa kila mazungumzo yanapogeukia vyombo vya usafiri: basi linalotoa taarifa za mwendo wake lenyewe, pikipiki ya mkopo inayojulikana ililala wapi, na gari la Marekani linalokwenda bila mtu kushika usukani. Wengi wanaousema hawana nia mbaya. Hata hivyo tunasema wazi, tukiwa wachungaji wa Kilutheri na walimu wa theolojia, kwamba msemo huo hautoki katika imani yetu, na Mlutheri aliyefundishwa Katekisimu kabla ya kipaimara hapaswi kuutamka bila kuona haya.

Hatuna ugomvi na mashine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na mchungaji yeyote wa Tanzania anajua idadi hiyo ina sura gani inapofika kwenye usharika: majeneza matatu ya familia moja, na mjane ambaye bado anaulizwa na mwenye gari kuhusu nauli. Sisi tunaohudumu katika nyanda za juu za Kigoma, tangu Kibondo hadi Kasulu, tuna sababu nyingine tena ya kutoidharau barabara yenye ulinzi. Wazee wa Titye wanakumbuka miaka ambayo gari halikuthubutu kupita baadhi ya mapori yetu bila askari kulisindikiza, kwa hofu ya majambazi wenye bunduki. Abiria aliyepita mapori hayo akiwa ameinamisha kichwa kati ya magoti hahitaji kuhubiriwa uzuri wa kulindwa.

Kwa hiyo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inapoyataka mabasi ya masafa marefu yafungwe kifaa cha kufuatilia mwenendo wake, tunashukuru. Kifaa hicho kinasema basi liko wapi na linakwenda kwa kasi gani. Dereva akivuka kilomita 80 kwa saa nje ya mji, inajulikana, tena bila askari kujificha nyuma ya mwembe na tochi yake. Mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwezi Oktoba 2023, baada ya katazo la miaka mingi, vifaa hivi vilikuwa miongoni mwa sababu zilizowatuliza watu. Ni jambo jema. Anayetaka kulipinga aje kwanza azike pamoja nasi.

Wala hatusimami na wale wanaoona namba ya mnyama katika kila chombo chenye betri. Walisema hivyo kuhusu namba za vitambulisho, wakasema hivyo kuhusu chanjo, na watasema hivyo kuhusu gari linalojiendesha litakapofika. Ufunuo wa Yohana uliandikiwa makanisa yaliyoteswa na dola ya Kirumi, haukuandikwa kama mwongozo wa mafundi umeme. Hofu ya namna hii ina madhara mawili. Inawafanya Wakristo waonekane wajinga, na inawaondoa kwenye swali lenyewe. Mtu anayeitazama mashine akitafuta pembe za shetani hatauliza kamwe taarifa zake zinatunzwa na nani.

Tuliulize basi swali hilo, tukianza na hilo gari la mbali. Gari linalojiendesha haliwezi kwenda bila kutazama. Limefungwa kamera pande zote, rada, na vifaa vya miali ya leza vinavyopima umbali wa kila kitu kilicho karibu: mti, mbwa, mtoto anayevuka, mama aliyesimama mlangoni kwake. Katika miji ya Phoenix na San Francisco magari ya namna hiyo yamekuwa yakibeba abiria mitaani. Ili likufikishe salama ni lazima lione. Hapo hatubishani. Lakini wanaoyauza magari haya huharakisha sana wanapofika hapa, kana kwamba baada ya kukubali kuonwa ili tusigongwe, tumekubali pia picha ihifadhiwe, isafirishwe, itazamwe na watu wasio na kazi nayo, na itumiwe kwa jambo ambalo hatukulisikia. Hayo ni makubaliano mawili tofauti. La kwanza tumeombwa, la pili tumechukuliwa.

Na yaliyotokea yanajulikana. Mwezi Aprili 2023 shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba kati ya mwaka 2019 na 2022 wafanyakazi wa kampuni ya Tesla walikuwa wakitumiana wao kwa wao video zilizonaswa na kamera za magari ya wateja, nyingine za mambo ya faragha kabisa ya nyumbani, wakizicheka. Mwaka huohuo iliripotiwa kwamba polisi wa San Francisco walikuwa wakiomba picha kutoka kwa kampuni za magari yanayojiendesha, kwa sababu gari lililopita mtaani ni shahidi wa yote yaliyokuwa mtaani, yanayolihusu na yasiyolihusu. Septemba 2023 taasisi ya Mozilla ilichunguza chapa 25 za magari kuhusu namna zinavyotunza siri za wateja. Zote 25 zilishindwa mtihani. Haya ni magari ya kawaida, ambayo mengi bado yanaendeshwa na binadamu.

Msomaji wa Titye atasema: hayo ni ya Wazungu, sisi kwenda Kasulu mjini tunapanda pikipiki, na tukibahatika, mchomoko wenye watu saba katika viti vya watano. Ni kweli. Gari lisilo na dereva halijaja kuchukua maharage sokoni kwetu. Lakini jicho lake limetangulia kufika, nalo limekuja vipande vipande. Tiketi ya basi siku hizi hutolewa kwa mtandao, ikiwa na jina la abiria, namba ya simu, alikopandia na anakoshukia. Namba hiyo ya simu imefungwa na alama za vidole tangu usajili ule ulioanza Mei 2019 na kufungwa Januari 2020, na alama hizo zimefungwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Basi lenyewe linaripoti lilipo. Unganisha nyuzi hizo, na safari ya mama mmoja kutoka Kibondo kwenda kliniki ya mbali ambayo hakutaka mtu aijue imekwisha andikwa mahali, saa na dakika.

Au chukua pikipiki ya mkopo, ambayo kwa vijana wetu ndiyo shamba, ng'ombe na ajira kwa pamoja. Mkopeshaji huifunga kifaa kinachoonyesha ilipo, asije akaibiwa au kukimbiwa. Ni haki yake. Deni ni deni, na Paulo aliwaandikia Warumi kuhusu kulipa wanachodaiwa. Lakini kifaa kinachojua pikipiki iko wapi mchana kinajua pia ililala wapi usiku. Kinajua kijana alisimama nyumbani kwa nani na kwa muda gani, alikwenda mkutano wa chama gani, alipeleka mgonjwa kwa mganga au hospitali. Alipotia sahihi mkataba hakuna aliyemwambia hayo. Na hata angeambiwa, angefanya nini? Asiye na chombo hachagui masharti. Wapo wanaoiita hiyo ridhaa. Sisi tunafundisha maadili ya Kikristo, na katika darasa letu ridhaa ya mtu mwenye njaa mbele ya mtu mwenye mkate huandikiwa alama ya kuuliza.

Sasa tuje kwenye Amri ya Nane, kwa hesabu yetu Walutheri: usimshuhudie jirani yako uongo. Watu wengi hudhani amri hii inakataza uongo tu, na kwa kuwa kamera haisemi uongo, basi haina hatia. Hapo ndipo tunapomwomba msomaji arudi kwa Luther. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 amri hii inatufundisha pia tusimsaliti jirani na tusimharibie jina, bali tumtetee na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Katekisimu Kubwa ya mwaka huohuo inakwenda mbali zaidi. Luther anatofautisha kuijua dhambi na kuihukumu. Waweza kuijua dhambi ya jirani yako, tena ikawa kweli tupu, na bado ukawa huna ruhusa ya kuitoa nje. Kuitoa nje ni kazi ya yule aliyepewa wajibu wa kuihukumu: hakimu, mzazi, mchungaji, kila mmoja mahali pake na kwa kiasi chake. Asiye na wajibu huo, anasema Luther kwa maana hiyo, ayazike aliyosikia ndani ya masikio yake hadi atakapoagizwa kusema.

Hili ni fundisho kubwa kuliko tunavyolifundisha. Linasema kwamba ukweli kuhusu mtu si mali ya yeyote aliyeuokota. Ukweli una mwenyewe, na una mlango wa kupitia. Trafiki ana wajibu wa kujua mwendo wa basi. Hana wajibu wa kujua abiria wa kiti cha kumi na nne anakwenda kumwona nani. Mkopeshaji ana wajibu wa kujua kama pikipiki yake ipo. Hana wajibu wa kujua usiku wa mkopaji. Kampuni iliyotengeneza gari ina wajibu wa kuona mtoto aliyevuka barabara ili breki zishike. Baada ya breki kushika, sura ya mtoto yule haina kazi tena kwake. Jicho lililopewa wajibu linaheshimiwa. Jicho linalobaki wazi baada ya wajibu kwisha linaitwa umbeya, hata kama limefungwa kwenye chombo cha mamilioni.

Mwanzo sura ya 9 inatuonyesha jambo hili kwa simulizi. Nuhu amelewa, amelala uchi hemani. Hamu anaingia, anaona, anatoka na kuwaambia ndugu zake nje. Alichosema kilikuwa kweli. Shemu na Yafethi wanachukua vazi, wanaingia kinyumenyume wasije wakaona, wanamfunika baba yao. (Tunajua jinsi sura hii ilivyopotoshwa na watetezi wa utumwa dhidi yetu watu weusi. Laana pale haikutamkwa juu ya Hamu, sembuse juu ya Afrika, na tafsiri ile ni aibu ya waliobuni. Lakini wezi wakiiba shoka, hatuachi kupasua kuni.) Kosa la Hamu ni lipi? Hakuzua neno. Alibeba alichokiona nje ya hema. Gari linaloona kila kitu na kukipeleka kwenye mitambo ya kampuni bara jingine linafanya kazi ya Hamu kila dakika, na sisi tunaambiwa tulipongeze kwa sababu picha ni safi.

Hapa ndipo mtetezi wa msemo ule husimama na Biblia yake. Mbona Mungu anaona yote? Zaburi ya 139 haisemi kwamba hakuna mahali pa kujificha? Kama unaishi mbele za Mungu, kamera ni nini?

Tunajibu kwamba huku ni kumtukana Mungu, japo kwa sauti ya uchaji. Hajiri, mjakazi aliyefukuzwa na jeuri ya nyumba ya bwana wake, alikutana na Mungu jangwani penye chemchemi, akampa jina: Mungu anionaye. Alionwa na nani? Na yule aliyeuona mkono uliompiga. Katika Kutoka sura ya 3 Mungu anaona mateso ya watu wake Misri, na kwa kuwa ameona, anashuka. Kuona kwa Mungu kunamgharimu Mungu. Mwisho wake ni Msalaba. Kampuni iliyoona haishuki popote. Inakaa palepale na inajua zaidi. Tena Mungu anayejua yote anaahidi kwa kinywa cha Yeremia, sura ya 31, kwamba dhambi za watu wake hatazikumbuka tena. Yeye awezaye kukumbuka kila kitu amechagua kusahau. Nionyesheni mashine iliyofanya hivyo kwa hiari yake.

Kusahau ni rehema, na katika maisha ya kijiji ni rehema inayofanya watu waendelee kuishi pamoja. Konda wa basi la Kibondo huona mengi. Humwona mume wa mtu akishuka mahali asipopaswa kushuka, humwona binti akilia tangu mwanzo wa safari hadi mwisho wake. Kesho kuna abiria wengine, na ya jana yamefunikwa na ya leo. Akiyakumbuka, anaweza kuamua kunyamaza, na kijiji kinamheshimu konda mwenye kinywa. Chombo hakinyamazi kwa heshima. Kinanyamaza mpaka kiulizwe, kisha kinasema yote, kwa yeyote mwenye nywila.

Na ni nani atakayekiuliza? Kwa swali hili watu wa Buha hawahitaji kuazima mifano Ulaya. Sisi tunakaa mpakani. Tumepokea ndugu zetu Warundi mwaka 1972, mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Tumepokea Wakongo walioingia Nyarugusu tangu 1996. Kule Rwanda, katika miaka ya 1930, wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Ilikuwa kazi ya ofisi, ya kupanga mambo vizuri. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho hicho kilisomwa na watu wenye mapanga. Makarani walioandika walikuwa wamekwisha kufa au kustaafu. Orodha ilikuwa hai. Yeyote anayesema kwamba taarifa zilizokusanywa kwa nia njema zitabaki na nia njema, aje aliseme hilo Nduta, kambini, mbele ya wazee.

Mfano wa karibuni zaidi. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba taarifa za wakimbizi wa Rohingya zilizokusanywa nchini Bangladesh, pamoja na alama za vidole, zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, yaani kwa hao hao waliokimbiwa, na kwamba wengi wa waliohojiwa hawakujua. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilijibu kwamba watu walielezwa na kuulizwa. Huenda. Lakini mkimbizi aliyesimama kwenye foleni ya kadi itakayompa chakula, akiulizwa kama anakubali, unadhani atajibu nini? Ni mambo yaleyale ya kijana na pikipiki ya mkopo, kwa bei kubwa zaidi.

Wala hatusemi haya kama watazamaji. Mha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Raia wa Kasulu aliyezaliwa Kasulu anajua maana ya kuulizwa, kwenye kizuizi au dirishani, kama kweli ni Mtanzania, kwa sababu tu ya lafudhi yake. Katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, mikoa ya Kigoma, Kagera na Geita ilishuhudia jinsi swali hilo linavyoweza kumtoa mtu shambani kwake. Mahali kama hapa, chombo kinachojua nani alisafiri na nani, kutoka kijiji gani cha mpakani, usiku wa siku gani, ni silaha iliyowekwa mezani. Leo iko mezani pa mtu mwema. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Meza ni ya ofisi, na ofisi hubadilisha watu.

Inafaa pia kutazama ni nani hasa mwenye la kuficha. Tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku. Ndani alikuwemo mtumishi wa kulisimamia. Siku chache baadaye video ya kamera ya ndani ilitolewa, dunia nzima ikamwona mtumishi yule akitazama chini. Mwendesha mashtaka aliona hakuna msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mtumishi alishtakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa. Hatusemi hakuwa na kosa. Tunasema jicho lililofungwa ndani ya gari lile lilimtazama aliyeajiriwa. Vikao vilivyopanga jaribio vilikuwa katika vyumba visivyo na kamera.

Kisha Oktoba 2, 2023, San Francisco, mwanamke aligongwa na gari la mtu mwingine, akarushwa mbele ya gari la kampuni ya Cruise lisilo na dereva. Gari lile lilimgonga, likasimama, kisha likaanza tena kwenda kando ya barabara, likimburuta chini yake kiasi cha mita 6. Kamera zilikuwepo. Yote yalionekana. Tarehe 24 mwezi huohuo mamlaka ya magari ya California ilisimamisha vibali vya kampuni, ikidai kwamba haikuonyeshwa mwanzoni sehemu ile ya kuburuta. Novemba 2024 kampuni ilikubali kwamba ilipeleka ripoti ya uongo kwa wachunguzi wa serikali kuu, ikakubali kulipa faini ya dola 500,000. Basi, mpendwa uliyezoea kusema asiye na la kuficha haogopi, hapo sema tena. Wenye jicho ndio waliofumba. Anayeambiwa avue nguo zote ni abiria, na anayebaki na joho ni mwenye gari.

Sisi Walutheri tunalo jambo la kuleta katika mjadala huu ambalo wanasheria hawana. Tunajua namna ya kupokea siri. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 11, linataka ondoleo la dhambi kwa mtu mmoja mmoja lidumishwe katika makanisa, na hapohapo linasema si lazima kuhesabu makosa yote. Fikiri vizuri maana yake. Hata mbele ya madhabahu, mbele ya mtu aliyewekewa mikono kwa kazi hiyo, Kanisa halidai orodha kamili ya maisha yako. Linakuachia wewe kusema linalokulemea. Mashine haina ibara ya 11. Inahesabu yote, na haina ondoleo la kutoa.

Kanisa letu ni hodari wa vitabu. Tuna kitabu cha ubatizo, kitabu cha kipaimara, cha ndoa, cha maziko, na sharika nyingi zina daftari la ahadi na sadaka ambalo lingeweza kusomwa kimyakimya zaidi kuliko linavyosomwa. Lakini hakuna kitabu cha maungamo. Hakijawahi kuwapo, na askofu yeyote akikiagiza, tutakataa. Mchungaji akishuka na siri ya mtu kaburini, amefanya kazi yake. Kwa miaka karibu mia tano tumeweza kuamini kwamba jambo linaweza kujulikana kwa kazi yake na kisha likafa. Wanaotuambia kwamba haiwezekani, kwamba kilichonaswa ni lazima kihifadhiwe, wanatuambia tu kwamba uhifadhi una faida ya fedha.

Nchi yetu nayo imekwisha kusema neno. Katiba, ibara ya 16, inataja haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Aprili 3, 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zisigeuzwe kwa kusudi jingine, wala zisikae kuliko zinavyohitajika. Kwa lugha yetu, inataka jicho liwe na wajibu, na wajibu ukiisha lifumbe. Ni Amri ya Nane iliyoandikwa na Bunge. Udhaifu wake ni mmoja: inamngoja mtu alalamike, na mtu hawezi kulalamikia asichokijua. Mama wa Kibondo hajui kwamba tiketi yake inakumbukwa.

Hapo ndipo kazi ya sharika ilipo, na ni kazi ndogo inayowezekana. Sinodi zetu zinapokodi mabasi kupeleka kwaya na vijana kwenye mikutano, waandaaji wana nguvu ya mteja mkubwa. Waulize kwa barua: majina na namba za simu za abiria wetu mnazitunza kwa muda gani, nani anaziona, na mkishazimaliza mnazifuta vipi? Vikundi vya vijana vinavyotaka kuchukua pikipiki za mkopo visisaini mpaka mzee mmoja wa kanisa anayejua kusoma mikataba akae nao, akionyeshe kila mmoja kifungu cha kifaa kile kwa Kiswahili, na kwa Kiha ikibidi, kisha waulize kama mkopeshaji anaweza kutazama pikipiki ilipo siku zote au pale tu malipo yanapokwama. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa. Na vyuo vyetu vya theolojia, katika somo la maadili, viache kufundisha Amri ya Nane kwa dakika arobaini kama habari ya wanawake wanaosengenya kisimani. Wanawake wa kisimani wanasahau.

Siku gari lisilo na dereva litakapopandisha mlima kuingia Kasulu, huenda tukalipanda. Likituepusha na majeneza matatu ya familia moja, tutalibariki tukiwa tumevaa kanzu na stola. Lakini kabla ya kuingia tutauliza picha zake zinakwenda wapi, na dereva akiwa hayupo wa kutujibu, tutataka jina na mahali anapopatikana aliye na wajibu wa kujibu.